Kuandaa Kinanda cha Akiba Kilingane na Kinanda Kikuu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa kwaya, wapiga vinanda na mafundi mitambo wa vikundi vya muziki vya vijana



Nimeombwa nizungumzie kinanda cha akiba. Vikundi vingi mnavyoviwakilisha tayari vina vinanda viwili: kikuu, kilichonunuliwa kwa michango ya muda mrefu, na kingine kidogo, ama cha zamani ama cha kupewa, ambacho hukaa stoo ndani ya mfuko wake. Tunakiita cha akiba. Lakini kinanda kisichoandaliwa si akiba. Siku kile kikuu kitakapozima katikati ya ibada ya mazishi, au kwenye harusi ambayo kikundi kimeshapokea na kutumia malipo ya awali, mtakitoa hicho cha stoo, mtakiwasha, na kwaya itashindwa kuimba nacho.

Kulinganisha vinanda viwili maana yake ni nini? Wengi hudhani ni kutafuta piano ifanane na piano na nyuzi zifanane na nyuzi. Mimi hilo naliweka nafasi ya tatu. La kwanza ni kii ambayo kwaya inaimbia. La pili ni ukubwa wa sauti kwenye spika. Msikilizaji aliyekaa benchi la nyuma hatajua kwamba nyuzi za leo si zile za Jumapili iliyopita. Atajua mara moja kwamba wimbo umepanda na akina mama hawaufikii.

Tuseme ukweli kuhusu namna tunavyopiga. Wapigaji wengi waliojifunza kwa kusikiliza hupiga kii moja au mbili, mara nyingi C au F, na kazi iliyobaki huachiwa batani ya Transpose. Sioni aibu katika hilo. Watu wanaimba na kazi inakwenda. Ila ina maana kwamba ile namba ndogo kwenye kioo ndiyo iliyobeba wimbo. Chukulia mpigaji ameweka vidole kwenye C, Transpose iko −3, na kwaya inaimba kii ya A. Kinanda kinabadilishwa haraka haraka, na kilicholetwa kiko 0. Vidole ni vilevile, lakini wimbo umepanda kwa nusu toni tatu, na sauti ya kwanza wanaanza kupiga kelele badala ya kuimba. Kama ingekuwa +3, wimbo ungeshuka kiasi hicho hicho, na besi wangebaki wakinguruma bila maneno kusikika.

Aidha, vinanda vingi hurudi kwenye 0 kila vinapozimwa na kuwashwa. Umeme ukikatika sekunde mbili na kurudi, hata kile kikuu kinakuwa kimesahau. Kwa hiyo kabla ya wimbo kuendelea baada ya umeme kurudi, mpigaji aangalie namba hiyo kwanza, kisha ndipo ashike kodi.

Kuna jambo jingine la kii ambalo limejificha zaidi. Ndani ya kinanda kuna sehemu iliyoandikwa Tuning au Master Tune. Kawaida huwa Hz 440 kwa noti ya A iliyo juu ya C ya katikati. Wakati mwingine mtu aliigusa ili kinanda kilingane na tarumbeta, kisha akaiacha hivyo, na kwenye baadhi ya vinanda mpangilio huu haufutiki kwa kuzima. Namna ya kupima ni rahisi. Weka vinanda vyote viwili sauti ya ogani isiyotetemeka, bonyeza A ileile kwa pamoja, usikilize. Zikilingana, sauti inatulia. Zisipolingana, utasikia inayumba, wa-wa-wa. Kimoja kikiwa 440 na kingine 442, itayumba mara mbili kwa sekunde. Rekebisha kile cha akiba mpaka iache kuyumba. Mnaweza kufanya hivyo kwa dakika tano, na hakuna fundi wa kulipwa hapo.

Sasa ukubwa wa sauti. Kinanda cha akiba kiwe kimechomekwa kwenye miksa tangu mwanzo wa shughuli, kwenye njia yake chenyewe, na njia hiyo iwe imefungwa. Mwambie mpigaji apige kodi moja kwenye kikuu, kisha kodi ileile kwenye cha akiba, na fundi mitambo asawazishe kwa kitufe cha gain juu ya miksa. Volumu ya vinanda vyenyewe iachwe kama robo tatu, na iwekwe alama ya utepe ili mtoto akiigusa ijulikane. Angalieni pia waya. Vinanda vidogo vingi havina tundu maalum la kutolea sauti ila lile la hedifoni, ambalo ni la stirio. Ukichomeka hapo waya wa gitaa wa kawaida, kwa kawaida utapata upande mmoja tu, na ala zilizopangwa upande wa pili zitapungua au kupotea. Tafuteni waya wa stirio unaogawanyika mara mbili.

Vinanda vya miaka ya karibuni vina tabia moja ya kujizima vyenyewe visipoguswa. Yamaha nyingi za PSR-E hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kujizima baada ya dakika 30. Fikiria: kinanda cha akiba, ambacho kazi yake ni kusubiri, kinajizima katikati ya mahubiri, na kile mlichokipanga asubuhi chote kimepotea. Kwenye vinanda hivyo, shikilia kitufe cha kwanza kabisa kushoto huku ukikiwasha, na tabia hiyo itaondoka. Kwa vingine someni kitabu chake. Mimi naona hili limeangusha vinanda vingi vya akiba kuliko ubovu.

Sasa ndiyo tuje kwenye sauti zenyewe. Mwaka 1983 watengenezaji wa Marekani na Japani walianza kutumia lugha moja ya vinanda, yaani MIDI. Januari ya mwaka huo, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, Prophet-600 ya Sequential Circuits iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na kimoja kikakichezesha kingine. Mwaka 1991 ikaongezwa orodha ya sauti 128 zenye namba zisizobadilika, inayoitwa General MIDI. Piano ni 1, ogani ya kanisani ni 20, nyuzi ni 49, waimbaji wa "aa" ni 53, tarumbeta ni 57, na hata kalimba yetu imo, ni namba 109. Orodha hiyo imo ndani ya vinanda vingi vya Yamaha, Casio, Roland na Korg. Kama 49 inakupa kitu kingine, jaribu 48, kwani vipo vinavyoanza kuhesabu kwenye 0. Hivyo basi, chagueni sauti nne au tano ambazo kwaya inazitumia kweli, si thelathini, na kwa kila moja tafuteni ya kufanana nayo kwenye cha akiba mkiwa na kwaya inaimba. Namba ni mahali pa kuanzia, uamuzi uwe wa masikio.

Midundo ndiyo inayosumbua. Mdundo wa Yamaha hauingii kwenye Korg, ingawa mafaili ya pande zote mbili huishia na herufi STY. Msipoteze usiku kucha kuyahamisha. Chukueni mdundo wa karibu ulio rahisi, muweke mwendo uleule; mwendo wa 104 ni 104 kwenye kinanda chochote. Na mkipanga mahali pa kugawa mkono wa kushoto na wa kulia, kumbukeni kwamba C ya katikati Yamaha huiita C3 na Roland huiita C4. Ukinakili jina bila kuangalia kitufe chenyewe, mgawanyo utahama kwa oktava nzima.

Kama cha akiba kina batani za kumbukumbu, zile ambazo Yamaha huziandika Registration Memory, hifadhini humo. Lakini jaribuni kwanza kama zinabeba na Transpose: hifadhi, badilisha namba, kisha iite tena uone. Si vinanda vyote vinavyoibeba.

Kuhusu umeme nitasema machache. Vinanda vidogo vingi vya Yamaha hutumia adapta ya volti 12 yenye chanya katikati. Casio nyingi za zamani hutumia volti 9 yenye hasi katikati. Fungeni utepe wa rangi moja kwenye kila adapta na kinanda chake, maana gizani zinafanana. Cha akiba kikiwa kinatumia betri, kiwekeeni betri, kwa sababu hicho ndicho kitakachoendelea umeme ukikatika. Ila kumbukeni kuchomoa waya wa miksa, la sivyo spika zake zenyewe zitabaki kimya.

Nimeliweka mwisho suala la karatasi, nalo ndilo ambalo vikundi vingi hulikataa. Mipangilio yote hii kwa kawaida imo kichwani mwa kijana mmoja. Akihamia mjini kutafuta kazi, au akiugua wiki ya pasaka, kikundi kinabaki na vinanda viwili na hakina mpigaji. Kila wimbo uandikiwe mstari mmoja: jina, kii, namba ya Transpose, mwendo, namba ya sauti na mdundo kwenye kikuu, namba zake kwenye cha akiba. Nakala moja ibandikwe chini ya kinanda cha akiba, nyingine akae nayo katibu. Na wiki moja kati ya nne fanyeni mazoezi kwa cha akiba peke yake, akiwa amekaa mpigaji wa pili. Yule wa kwanza akae na waimbaji, asisogee.

Sasa vinanda viwili viko hapo mezani, kimoja kimepangwa na kingine kimetoka stoo leo asubuhi. Naomba mpigaji mmoja aje mbele pamoja na sauti nne za kwaya. Tutaanza kwa kupima A.