Kodi ya Nyumba na Gharama Zake
(Maneno ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana tulisimama mbele yenu tukasema kwamba nyumba ya chama iliyoko Majengo, Mombasa, yenye vyumba sita vya kupangisha, yaleta shilingi 360,000 kwa mwaka. Mlifurahi, nasi tulifurahi. Leo hatuna budi kukiri kuwa hesabu ile ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni letu. Tulichukua shilingi 5,000 za kila chumba, tukazidisha kwa vyumba sita na kwa miezi 12, kisha tukagawa karibu fedha zote. Masika yalipofika paa likavuja, na sanduku lilikuwa tupu. Ikatubidi kupitisha mchango hata kwa wajane, ambao chama hiki kiliundwa ili kuwasaidia. Jambo hilo limetuaibisha.

Basi tumelifungua daftari upya. Chumba hakikaliwi miezi 12 daima. Mpangaji huhama, kuta hupakwa chokaa, kitasa hubadilishwa, na mpangaji mwingine hutafutwa. Tukikadiria mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, shilingi 30,000 zimekwisha toka, zikabaki 330,000. Kwa hizo twadaiwa ushuru wa serikali juu ya kodi ya nyumba za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, yaani shilingi 24,750. Humhusu apataye zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka hata kufikia milioni 15, nasi tumo. Wengi hawajui kwamba ushuru huu hutozwa juu ya kodi yote iliyopokewa, kabla ya kutoa gharama yo yote. Hata fundi akichukua nusu ya fedha, ushuru haupungui.

Kisha yuko mwenye kiwanja, maana nyumba ni yetu na ardhi si yetu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa: 18,000. Maji ni 36,000, taa za ukumbini na uani 12,000, na mkusanya kodi 36,000. Shimo la choo hunyonywa mara mbili, 16,000. (Mwaka jana tulilinyonya mara moja tu ili kubana matumizi, majirani wakatujia mlangoni.) Matengenezo madogo tumeyawekea 40,000. Jumla, pamoja na ushuru, ni 182,750. Mkononi zabaki 147,250.

Tungeweza kukomea hapo, na hapo ndipo wengi hukomea. Lakini paa lazeeka kila siku, hata mwaka ambao halidai kitu. Upepo wa bahari wenye chumvi hula mabati, hasa penye misumari. Fundi tuliyemwita akadiria kwamba kuezeka upya na kubadilisha boriti zilizooza kutagharimu shilingi 400,000, na kwamba paa jipya, likipakwa rangi, litadumu miaka kumi. Kwa hiyo paa latudai 40,000 kila mwaka, tuziweke tusiziweke. Ifaayo kugawanywa ni 107,250, chini ya theluthi ya zile 360,000 tulizojivunia.

Baadhi ya wazee wameuliza, je, si bora kodi ipandishwe? Tumelizungumza sana. Mpangaji akihama kwa ajili ya nyongeza ya shilingi 500, na chumba kikakaa kitupu miezi miwili, twapoteza 10,000 ili tupate 5,000 katika miezi kumi iliyobaki. Sisi twaona heri kubaki na mpangaji alipaye kwa wakati.

Sasa twaja kwenye neno zito. Paa la sasa, lililozibwa viraka, fundi alipa miaka mitatu tu, nasi hatukuliwekea kitu tangu tuinunue nyumba. Akiba ya 40,000 haitoshi kulifikia. Twaomba, basi, kwamba kwa miaka mitatu isigawanywe hata shilingi moja. Hesabu ikienda kama tulivyokadiria, tutakuwa na 441,750, paa litaezekwa, na hapana mjane atakayepitishiwa mchango. Fedha za mazishi haziguswi, kwa kuwa zatoka katika ada za kila mwezi. Ile nyumba ya pili iliyotajwa katika mkutano uliopita, twashauri isinunuliwe kwa sasa.

Daftari liko mezani kwa Katibu, pamoja na stakabadhi zote. Mwanachama ye yote aweza kulisoma kabla ya kura kupigwa.