Hotuba juu ya Mashindano ya Pikipiki za Kale na Matengenezo yake Uwanjani



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa ya kusimama mbele yenu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chenu. Barua ya Bwana Katibu ilipotufikia kule Uingereza, ikitutaka tuzungumze juu ya kazi yetu ya pikipiki, tulidhani anatutania. Sisi ni ndugu wawili, wana wa mkulima wa korosho wa hapa hapa. Siku za kazi twatengeneza malori. Siku za mapumziko twamsaidia mzee mmoja Mwingereza mwenye pikipiki za zamani za mashindano. Tuliulizana: watu wenye korosho za kupima na deni la pembejeo watafaidi nini kwa habari za pikipiki zikimbiazo kuzunguka, kisha zikarudi pale pale zilipoanzia? Ndipo tulipozikumbuka zile mashine za kupulizia salfa mikorosho iliyoingiwa na ubwiri unga. Injini mnayoibeba mgongoni shambani na injini tutakayoieleza leo ni ndugu wa damu moja.

Injini hizi huitwa za mapigo mawili, au tu-stroki kama wasemavyo mafundi. Katika injini ya gari pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Katika tu-stroki moto huwaka kila pistoni ipandapo. Haina vali za kufungua na kufunga. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Hewa na petroli huingia kwanza chini ya pistoni, katika chumba cha krenki, na pistoni ishukapo huvisukuma kupitia matundu ya ubavuni hata vikafika juu yake. Krenki na beringi zake hazina oili nyingine ila ile iliyokwisha kuchanganywa na petroli ndani ya tangi. Kwa hiyo hewa ikizidi, hupungua vitu viwili kwa pamoja: petroli ipoozayo na oili ilainishayo. Pistoni hupata moto, hutanuka, kisha huishika silinda. Shambani mashine huzima, nanyi mkaiweka chini na kulaumu aliyewauzia. Katika pikipiki iendayo mbio kubwa gurudumu la nyuma hufungwa ghafla, na mwendeshaji asipoivuta klachi mara moja hutupwa kama gunia. Ndiyo sababu waendeshaji wa tu-stroki huweka vidole viwili juu ya mkono wa klachi tangu mwanzo wa mashindano hata mwisho.

Juu ya oili, ruhusuni tuseme jambo moja litakalowafurahisha wazee. Tangu zamani waendeshaji wa mashindano wamependa mafuta ya nyonyo, kwa kuwa huishikilia chuma hata katika joto kali. Jina la Castrol lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Basi mbegu za nyonyo ambazo wazee wengi wa nchi hii walizivuna na kuziuza, huenda nyingine zilikwisha safari yake ndani ya pikipiki za Ulaya. Mtu aingiapo uwanjani alfajiri huijua harufu yake kabla hajaiona pikipiki hata moja. Lakini yana kasoro zake: huacha utando mzito kama gundi, na katika baridi huweza kujitenga na petroli. Mchanganyiko wa jana twaumwaga, ijapokuwa moyo huuma kwa bei yake.

Kabla ya kueleza yaliyotupata sisi, haifai kumpita Bwana Walter Kaaden. Huyu alikuwa mhandisi wa kiwanda cha MZ mjini Zschopau, katika nchi iliyoitwa Ujerumani ya Mashariki. Fedha zake zilikuwa chache na vyuma vyake si vya hali ya juu. Viwanda vya Italia na Japani vilimshinda kwa kila kitu ila kwa akili. Yeye aliendeleza bomba la moshi lenye tumbo nene katikati na mkia mwembamba. Moshi utokapo kwa kishindo, mawimbi yake hufika penye wembamba na kurudi nyuma, nayo huisukuma tena ndani ya silinda ile petroli mbichi iliyokuwa ikitoroka, kabla pistoni haijaufunga mlango. Kwa njia hiyo, katika mwaka 1961, injini yake ya 125 sisi, ndogo kama ya pikipiki ya kubebea abiria, ilitoa nguvu za farasi 25. Miaka miwili kabla, yaani 1959, Gary Hocking, kijana aliyelelewa Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe, aliipanda MZ ya 250 akashinda mashindano makuu ya Uswidi.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwendeshaji wake hodari, Ernst Degner, alikuwa karibu kuushika ubingwa wa dunia wa 125 alipofika Kristianstad, nchini Uswidi, mwezi Septemba 1961. Injini yake iliharibika mashindanoni, naye hakurudi tena kwao. Alikimbilia Magharibi, kisha akaenda kufanya kazi na Suzuki ya Japani. Na katika mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za 50 sisi juu ya Suzuki. Wapo wamwitao mwizi na wapo wamwitao mtu aliyeutafuta uhuru wake. Sisi hatuwezi kumhukumu mtu kwa kuitaka familia yake iishi atakapo. Lakini kila tuifunguapo injini ya Kijapani ya miaka ile, humkumbuka yule aliyebaki Zschopau na mabomba yake.

Basi pikipiki ya mzee wetu ni mjukuu wa kazi ile: Yamaha TZ350, yenye silinda mbili zipozwazo kwa maji na nguvu za farasi zipatazo 60. Pikipiki za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1973, na mtu yeyote mwenye fedha aliweza kuinunua na kwenda kushindana. Zama zake katika mashindano makuu ya dunia zimekwisha. Tu-stroki za mwisho kabisa, zile za 125, zilimaliza mwaka 2011. Zilizobaki hukimbizwa na wapenzi wa vitu vya kale.

Tulikwenda nayo Cadwell Park, katika jimbo la Lincolnshire, uwanja wenye milima na mabonde, na mahali pamoja ni pa mwinuko mkali hata pikipiki huruka juu ya ardhi. Mwendeshaji alikuwa mjukuu wa mzee, kijana mpole asiyesema sana. Jumamosi, katika mazoezi, pistoni ya kushoto ilishika akiupanda mlima. Aliivuta klachi, akarudi akiisukuma pikipiki, uso umemparama.

Tulisema ni baridi, na neno hilo lilikuwa na maana. Hewa ya baridi ni nzito, huingia nyingi zaidi, na petroli isipoongezwa injini hukauka. Ndivyo ilivyo na miinuko pia: Nairobi, iliyo juu ya bahari mita zipatazo 1,700, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Tu-stroki iliyopimiwa Mombasa itatoa moshi na kusongwa ikifika Nairobi, ila haitaumia. Iliyopimiwa Nairobi ikashushwa Mombasa ndiyo itakayokufa. Basi tuliiondoa alumini iliyoganda katika silinda, tukatia pistoni mpya, tukaongeza jeti, yaani kile kibomba cha shaba kipimacho petroli, kwa hatua mbili katika kabureta zote mbili. Tukalala tukijiona mafundi.

Jumapili asubuhi kijana alizunguka mara tatu, akaizima injini mbio zikiwa kamili, akaja kwetu ikiserereka kimya. Hii ndiyo njia ya kuzisoma plagi: ukiiacha injini ikinguruma polepole njiani, plagi hukudanganya. Tukazifungua. Ya kulia ilikuwa rangi ya kahawia iliyokaangwa vizuri, karibu na weusi. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kama mfupa.

Hapo sisi ndugu tuligombana, tena mbele za watu. Mkubwa wetu alitaka jeti ya kushoto iongezwe tena, mashindano yakimbiliwe. Mdogo wetu alisema: kabureta mbili ni za namna moja, jeti ni moja, petroli ni ya tangi moja, kama kulia pameshiba na kushoto pana njaa, basi kushoto kuna hewa iingiayo kwa mlango tusioujua. Akaiwasha injini ikiwa juu ya stendi, akaifunga kabureta. Mngurumo ulikawia kushuka, kisha ukapanda wenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Mkubwa akanyamaza.

Njia tuliyotumia kuutafuta mlango ule mwaijua ninyi nyote tangu utoto. Tuliziba kwa mpira mahali pa kabureta na mahali pa bomba la moshi, tukatia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, si kwa nguvu, kisha tukapaka maji ya sabuni kila penye kiungo. Kwenye vichwa vya silinda, kimya. Kwenye mipira ya kabureta, kimya. Tulipoiondoa magneto na kupaka nyuma yake, povu likachemka. Mwisho wa krenki upande ule kuna pete ya mpira izuiayo hewa, ambayo mafundi huiita sili. Mdomo wake ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kucha.

Mabwana na mabibi, sili ile tuliiweka sisi wenyewe, majira ya baridi yaliyotangulia. Ilikuwa mpya ndani ya kisanduku chake, lakini ilikuwa imelala dukani miaka tusiyoweza kuihesabu. Tuliusifu upya wake tukasahau umri wake. Mpira huzeeka hata usipotumiwa.

Zilisalia dakika hamsini. Jirani yetu uwanjani, ambaye kijana alikuwa akienda kushindana naye, alikuja na sili ya kipimo kile kile, akataka tuichukue bila malipo. Desturi ya watu wa pikipiki za kale ndiyo hiyo. Lakini sili ya TZ ina ukingo unaokaa ndani ya mfereji, haitoki ila chumba cha krenki kipasuliwe pande mbili, na kazi hiyo si ya dakika hamsini. Mtu mmoja alisema: ongezeni jeti ya kushoto tu, itavumilia mizunguko minane. Maneno hayo yalikuwa matamu. Twakiri kwamba mkubwa wetu alikuwa amekwisha kuishika jeti mkononi.

Tulikataa kwa sababu hii. Jeti kubwa hutoa petroli nyingi kabureta ikiwa wazi. Mwendeshaji aifungapo kabureta akiteremka bonde, injini bado inazunguka kwa kasi, petroli yaja kidogo na oili yaja kidogo, lakini hewa ya kwenye sili huendelea kuingia bila kuomba ruhusa. Jeti ingelificha kosa katika kupanda, ikalitunza kwa ajili ya kuteremka. Na bonde la Cadwell lina miti kandokando yake.

Kumwambia kijana haikuwa rahisi. Alikuwa amekwisha kuvaa ngozi. Alituuliza mara moja tu kama tuna hakika, tukamwonyesha povu. Akavua glavu, akaketi juu ya boksi la spana, akatazama wenzake wakipanga mstari. Babu yake hakutulaumu, nasi tuliona afadhali angetulaumu.

Majuma matatu baadaye tuliifungua injini nyumbani, tukaweka sili mbili mpya zilizotoka kiwandani mwaka ule, tukaijaribu kwa pampu na sabuni kabla ya kuifunga katika fremu. Haikutoa povu popote. Tukarudisha jeti za zamani, zile tulizozilaumu Jumamosi. Katika mashindano yaliyofuata kijana alimaliza wa tisa kati ya watu ishirini na watatu, na plagi zake mbili zilikuwa na rangi moja.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tumeambiwa kwamba katika ghala la Chama zimo mashine za kupulizia salfa zilizowekwa kando kwa kuwa zinashika au hazitulii, na kwamba wengine wamekwisha kugombana juu ya nani aliyekosea kuchanganya oili. Huenda aliyechanganya alikosea. Huenda pia hakukosea. Kesho, baada ya sala ya asubuhi, sisi tutakuwa chini ya mwembe ulio mbele ya ghala. Pampu ya baiskeli tumekwisha kuazima. Mwenye mashine na aje nayo, na kipande cha sabuni.