Nani Awape Idhini?

Hotuba iliyotolewa Kakamega



Mmetuomba tuseme neno juu ya marais wetu na mambo ya nchi za nje: lini wakae kando, lini waingilie. Sisi ni wanasheria, si mabalozi, kwa hiyo tutaligeuza swali kidogo na kuuliza ni nani awape idhini.

Wazee walioketi hapa mbele wanaikumbuka Februari 1976. Idi Amin alidai kuwa magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, na Kakamega yetu ilikuwa ndani ya dai hilo. (Ni kweli Waingereza walituhesabu upande wa Uganda hadi 1902, lakini tangu lini mpaka uliofutwa na mkoloni ukawa hatimiliki?) Mzee Kenyatta alijibu kwa maneno makali, asivushe jeshi mpaka. Mwezi wa Julai, ndege za Israeli zilizotoka kuwaokoa mateka Entebbe zilijazwa mafuta Nairobi. Amin akalipiza kisasi kwa kuwaua Wakenya waliokuwa Uganda. Hao hawakuulizwa lolote.

Rais Moi alipenda kiti cha msuluhishi, ingawa nyumbani chama kilikuwa kimoja tu kwa amri ya sheria. Mkataba wa Waganda aliousimamia Nairobi, Desemba 1985, haukumaliza miezi miwili.

Kisha tukapata Katiba ya 2010. Kifungu cha 240 chasema kuwa Baraza la Usalama wa Taifa laweza kuyapeleka majeshi nje ya nchi kwa kazi za amani, kwa idhini ya Bunge. Wino haujakauka, Oktoba 2011 majeshi yakaingia Somalia chini ya Rais Kibaki, na Bunge halikuombwa idhini kwanza. Sababu ya kwenda ilikuwepo, hatukatai. Watu walikuwa wakitekwa nyara katika ardhi yetu. Lakini baadaye tulizika watu 67 wa Westgate, na 148 wa Garissa, wengi wao wanafunzi. Jambo zito hivyo lilistahili mjadala kabla ya safari.

Haiti ndiyo iliyotufundisha zaidi. Rais Ruto aliahidi polisi 1,000. Bunge likaidhinisha tarehe 16 Novemba 2023, huku amri ya mahakama ya kuisimamisha safari ikiwa bado hai. Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kuwa Baraza lina uwezo wa kutuma majeshi, si polisi. Polisi huenda tu kwa nchi yenye mapatano ya kusaidiana na Kenya. Serikali ikatia sahihi mapatano hayo tarehe 1 Machi, na Juni 25 kikosi cha kwanza cha watu 400 kikatua Port-au-Prince. Siku hiyo hiyo vijana walipigwa risasi nje ya Bunge letu Nairobi. Februari 2025 mmoja wa polisi wetu akauawa huko Haiti.

Hatuwasemi vibaya Wahaiti. Wana haki ya kulala usingizi kama sisi. Lakini katika makanisa yenu wamo wazazi wa askari. Mbunge akija harambee Jumapili, kabla hajafungua bahasha, mwulizeni alisema nini Bungeni siku ile ya Novemba, na alikuwa amesoma nini kabla ya kusema.