Hadithi Zinunuliwazo



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya biashara isiyohitaji duka wala mashua, nayo ni biashara ya kutunga hadithi fupi na kuwauzia wenye magazeti. Kazi yangu ni ualimu katika chuo cha walimu, na hadithi huzitunga usiku, nikiisha kusahihisha madaftari. Nalikuwa nimekwisha kupeleka hadithi tatu kwa magazeti mbalimbali. Hazikuchapwa, hazikurudi, wala barua haikuja. Basi nalipopata habari ya mafunzo ya siku tano mjini Mtwara, juu ya namna ya kutunga hadithi zinunuliwazo, nalijiandikisha siku ile ile. Wenzangu wengine walisema wamekuja kwa kuipenda lugha. Mimi nalikwenda kwa sababu nina watoto wanne shuleni, wala sioni haya kusema hivyo.

Twalikuwa watu 19: walimu, karani mmoja wa bandarini, wanawake wawili wa Mikindani, wanafunzi, na mvuvi mmoja wa Msangamkuu aliyevuka kila asubuhi kwa chombo, akafika akiwa na miguu yenye chumvi. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya uhariri miaka mingi, mtu mpole, lakini mkali wa kalamu.

Siku ya kwanza twalihesabu tu. Alitugawia kurasa za magazeti, akatuambia tuhesabu maneno ya hadithi moja moja. Ukurasa nilioupata mimi ulikuwa na maneno 1,200, pamoja na picha. Ndipo akatuuliza: “Ninyi hupeleka mangapi?” Nalinyamaza, kwa maana hadithi yangu iliyo fupi kuliko zote ilikuwa na maneno 4,000. Akasema kwamba mhariri si adui wa mtunzi, ila ana nafasi yake kama nahodha alivyo na shehena yake. Ukimletea magunia yasiyoingia chomboni, atayaacha pwani, hata yakiwa ya mchele mzuri. Akatuonya pia juu ya majira. Hadithi ya mwezi wa Ramadhani au ya Krismasi haifai kupelekwa siku zile zenyewe. Yapasa ifike miezi miwili mbele.

Kisha alitusimulia habari za waliotangulia. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, na watu wengi wa vijijini walijifunza humo kwamba mtu wa kawaida aweza kupeleka maneno yake yakachapwa. Mashairi ya Shaaban Robert yalitokea humo. Huko Unguja alikuwako Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti. Mwaka 1957 na 1958 palifanywa mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili, yaliyosimamiwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, naye akapata zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Mimi nalifurahi kusikia habari za ukaguzi wa afya. Mtu aingiaye katika nyumba za watu kila siku kutazama mitungi na vyoo, huyo ameona mengi ya kuandika.

Jambo moja nililipenda zaidi, nalo halikuhusu utungaji. Mzee alituambia tusome barua ya gazeti kabla ya kutia sahihi. Kuna gazeti linunualo ruhusa ya kuchapa hadithi mara moja, na kuna litakalo hadithi yote iwe mali yake daima. Hayo ni mambo mawili, na bei yake haiwezi kuwa moja. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 yaifanya kazi iliyotungwa kuwa mali ya mtunzi, na mali hiyo huendelea hata baada ya kufa kwake. Karani wa bandarini aliandika maneno haya kwa herufi kubwa. Baadaye alituambia kwamba aliwahi kuuza hadithi kwa bei ya soda mbili, na alipoiona tena kitabuni hakupata hata soda ya tatu.

Siku ya pili twalisoma hadithi zetu. Yangu ilimhusu kijana aliyeacha kwao, akaenda Dar es Salaam, akapotezwa na marafiki wabaya, akarudi amekonda, baba yake akamsamehe, na mwisho nalitia mafundisho ya mistari sita. Naliisoma kwa sauti nzuri, kama nisomavyo darasani. Nilipomaliza, mzee akauliza: “Ni nani mwingine aliyemleta kijana aliyepotea mjini?” Mikono ikainuka. Tukaihesabu: mikono kumi na mmoja! Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa si sana. Mzee akatuuliza tena: “Ni nani hapa aliyepotezwa na mji?” Hakuinuka hata mmoja. Ndipo akatupa kazi ya usiku. Kila mtu aandike ukurasa mmoja wa jambo alilolijua yeye mwenyewe, au lililotokea katika nyumba yao, na mwisho asitie fundisho lolote.

Katika neno hili la mafundisho nalibishana naye. Sisi tuliolelewa na misheni tumezoea kwamba hadithi bila fundisho ni kama mtumbwi bila kafi. Hata sasa sikubali yote aliyoyasema, kwa maana alitukataza methali pia, nami naona methali kinywani mwa bibi kizee ni kitu cha kweli, maana ndivyo wasemavyo. Lakini usiku ule nalitii.

Nalikumbuka habari ya mume wa shangazi yangu. Alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi karibu na mdomo wa Ruvuma, kutoka upande wetu kwenda Msumbiji. Kijiji sitakitaja, na sababu yake mtaisikia. Daraja la Umoja la Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko mbali sana bara, Nanyumbu, na haya yalitokea zamani, nilipokuwa mtoto. Wanaoijua pwani ile wanajua kwamba mafungu ya mchanga huhama pale, na kwamba maji yakiwa yanatoka nao upepo wa kusi unaingia, hupigana juu ya fungu na mawimbi husimama. Siku hiyo alikataa kuvuka. Akaja mfanya biashara wa nguo, akampa nauli mara mbili. Mvushaji akampa mkewe fedha zile, kama desturi yake kabla ya kushika kafi, akaondoka. Mtumbwi ulipinduka. Mfanya biashara aliushika, akaokotwa na wavuvi. Mume wa shangazi alipatikana siku ya pili mikokoni.

Mimi nalikuwa na miaka sita. Nalijua habari hii kama watoto wajuavyo, nusu nusu. Kwa hiyo mwisho wake nalijitungia: mjane akaenda ukingoni, akazitupa fedha zile mtoni, mawimbi yakazimeza. Naliona ni mwisho mzuri.

Asubuhi nikausoma. Darasa likanyamaza. Mzee hakuusifu. Akaniuliza: “Huyo mama yu hai?” Nikasema yu hai. “Anajua kwamba unaiuza habari yake?” Sikuwa na jibu. Tena akauliza: “Na yule mfanya biashara, alikwenda wapi?” Nikasema sijui. Akanirudishia karatasi, akasema, “Basi hadithi hii bado.”

Mafunzo yalipokwisha, Jumamosi nikapanda gari asubuhi, nikaenda kwa shangazi. Nalimkuta uani akichambua mboga.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na karatasi?”

Nikamsomea. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipofika penye fedha kutupwa mtoni, aliacha mboga.

“Nilizitupa? Nani alikuambia?”

Nikamwambia kwamba ni hadithi tu, shangazi.

“Nilinunua unga wa matanga. Watu walikuwa wanakuja kutoka huku na huku. Ulitaka wale mchanga?”

Nikanyamaza. Kisha nikamwuliza habari za mfanya biashara.

“Alikuja siku ya tatu. Aliketi nje, kule kwenye mwembe, wala hakusema neno. Nikampelekea chakula kama wengine. Akala.”

“Alikula unga ule?”

“Kulikuwa na unga mwingine?”

Wasikilizaji, nalikaa pale kitambo, karatasi mkononi, nikaona haya kwa ajili ya mto wangu na mawimbi yangu. Nalifuta mwisho wote papo hapo, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Nikamwomba ruhusa. Alifikiri, akanipa masharti matatu. Kijiji kisitajwe. Mumewe asiitwe mtu wa tamaa, kwa maana siku ile mtoto alikuwa mgonjwa na fedha za dawa hazikuwapo, jambo ambalo mimi sikulijua kamwe. Na la tatu, akaniuliza: “Watakulipa?”

Nikasema, wakiipenda watanilipa.

“Basi nusu yangu.”

Nalirudi Mtwara, nikainakili upya, upande mmoja wa karatasi, mistari ikiachana, jina langu na anwani juu, hesabu ya maneno chini: 1,140. Nakala nyingine nikaiweka sandukuni. Baada ya wiki saba ikaja barua ya kuikubali. Walitaka kuichapa mara moja tu; naliisoma barua hiyo mara tatu kabla ya kutia sahihi. Malipo hayakuwa makubwa, tena yalichelewa.

Nalimpelekea shangazi nusu yake pamoja na gazeti. Hajui kusoma, kwa hiyo mjukuu wake alimsomea, akikwama kwama kwenye maneno marefu. Alimsahihisha mara moja, mahali mtoto aliporuka mstari. Kisha akazihesabu fedha, akazifunga katika pindo la kanga, akaniuliza kama wale wenye gazeti wangependa pia habari za kiboko aliyelala katika shamba la marehemu kaka yake usiku wa harusi. Nikamwambia angoje nitoe kalamu.