Kero Ndogo na Furaha Ndogo za Kijana

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao, Ipole, wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora)



Kila sifa njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baad:

Waheshimiwa wazee wetu, ndugu zetu, nanyi vijana wetu wa kiume na wa kike. Katika mikusanyiko kama hii tumezoea kuzungumza mambo mazito: sala na nguzo zake, ndoa na talaka, mirathi, mauti na yanayofuata. Hayo ni haki kuyazungumza. Leo tumeonelea tuzungumze jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa jepesi, nalo ni yale yanayomuudhi kijana kila siku na yale yanayomfurahisha kila siku. Hakika sisi tunaokaa na vijana hawa asubuhi na jioni tumeona kwamba wengi wao hawaondoki mikononi mwetu kwa sababu ya fitna kubwa. Huondoka kwa kero ndogo iliyorudiwa mara nyingi pasipo mtu kuisikiliza.

Mtume (S.A.W.) na ndege wa mtoto

Wapo watakaosema: kero za watoto zina uzito gani hata zisimamiwe na mhadhara? Jibu tunalipata katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Katika nyumba ya Abu Talha palikuwa na mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo aliyezoea kucheza naye, na ndege yule akafa. Mtume (S.A.W.), ambaye alikuwa na umma wa kuuongoza, majeshi ya kuyakabili na wahyi wa kuufikisha, alimwona mtoto ana huzuni, akamkabili kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake. Habari hii imepokewa katika Sahihi mbili, na wanazuoni wametoa humo mafunzo mengi ya fiqhi. La kwanza kwetu leo ni hili: huzuni ya mdogo haikuwa ndogo mbele ya mbora wa viumbe.

Naye Anas mwenyewe alimtumikia Mtume (S.A.W.) takriban miaka kumi tangu utotoni. Ametusimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kusikia kutoka kwake neno la kuchoshwa naye. Basi kila mmoja wetu ajiulize, je, kijana wake anaweza kutoa ushahidi kama huo kwa muda wa juma moja?

Kero ya ujira usiotajwa

Tuje sasa kwenye hali yetu hapa Ipole. Kijana wetu wa miaka kumi na saba huanza na vitalu vya tumbaku kabla ya mvua. Mvua zikishika hupanda miche, hupalilia, huweka mbolea. Baadaye huchuma majani, na majani mabichi yenye umande humpa kichefuchefu na kizunguzungu, kwani sumu ya tumbaku hupenya kwenye ngozi. Kisha hukata kuni na kukesha kwenye bani akichochea moto takriban wiki moja kwa kila mkaushio. Hukumu ya zao lenyewe wanazuoni wameizungumza, nasi tutaitengea siku yake inshaallah. Leo tunazungumzia jasho.

Msimu ukiisha, marobota hupelekwa sokoni kwenye chama cha msingi, daraja hupangwa, deni la pembejeo hukatwa, nasi husubiri malipo. Fedha zikifika, baba hulipa madeni, hununua bati, pengine hununua pikipiki, pengine huongeza mke. Kijana hupewa shati. Hakuna aliyemwambia mwanzoni kwamba atapata nini, na hakuna anayemwambia mwishoni kwa nini amepata kile. Naye kwa adabu hanyanyui kinywa. Baba hudhani kijana ameridhika, kumbe ukimya ule ndio mwanzo wa safari yake. Mwaka unaofuata utasikia yuko Tabora mjini amebeba abiria kwa bodaboda ya mtu, au utamkuta nyuma ya kibanda akicheza kamari kwa simu, akitaraji usiku mmoja umlipe jasho la msimu mzima. Kamari ni haramu, na dhambi yake haifutwi na udhuru huu. Hata hivyo, anayetaka kuziba tundu hana budi kujua panya aliingilia wapi.

Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alikuwa kijana, mgeni, mkimbizi, hana chochote. Mzee wa Madyan alipomtaka afanye kazi kwake, hakumwambia fanya kazi kwanza, mengine tutaona baadaye. Alimtajia muda, miaka minane, na akampa hiari ya kutimiza kumi. Alimtajia malipo yake, nayo ni kuozwa binti. Akamwahidi pia kwamba hatamtia katika mashaka. Mzee na kijana wakaafikiana na kumfanya Allah (S.W.) kuwa msimamizi wa maneno yao. Hayo ni mapatano ya mtu aliyekuwa na uwezo wote na kijana asiyekuwa na uwezo wowote.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara kati ya Unyanyembe na pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30 begani. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo huo. Mpagazi wa kuajiriwa alijua ujira wake kabla ya kufunga mzigo, na posho ya njiani ilikuwa sehemu ya mapatano. Ikikatwa bila sababu, wapagazi waliweza kuweka mizigo chini mpaka jambo lizungumzwe. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao hapakuwa na mapatano nao wala ujira. Hilo ni doa tusiloweza kulifunika. Mzazi na achague anataka mwanawe awe na hali inayofanana na ya nani kati ya wasafiri wale.

Kero ya binti kisimani

Binti zetu nao wana kero zao, na aghlabu wao ndio hawaulizwi kabisa. Binti hurudi shuleni sawa na kaka yake. Kaka hutupa daftari na kukimbilia mpira, yeye hukabidhiwa ndoo. Wakati wa kiangazi husubiri zamu kwenye kisima, na wakubwa hupita mbele yake. Usiku anapotaka kusoma, huambiwa taa inamaliza chaji.

Katika kisa kile kile cha Madyan, Nabii Musa (A.S.) aliwakuta mabinti wawili wamewazuia wanyama wao pembeni ya kisima, wakingoja wachungaji wamalize kwa kuwa baba yao alikuwa mzee mno. Alikuwa amechoka na safari ndefu, ila hakusema kwamba jambo la maji ni la wanawake. Aliuliza habari zao, akawanyweshea wanyama, kisha akarudi kivulini kumwomba Mola wake. Angalieni, kheri zote alizozipata Madyan, makazi, kazi na ndoa, zilianzia kwenye kero ya mabinti wawili kisimani, aliyojali kuiuliza.

Na Mtume (S.A.W.) alipotakiwa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ndugu zake, alikataa, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Uadilifu huo hauishii kwenye ng'ombe na mashamba. Saa moja ya kupumzika ni zawadi, na taa ya kusomea ni zawadi.

Furaha ndogo za halali

Sasa tuseme juu ya furaha. Baadhi yetu tunaofundisha dini tumefahamika vibaya, kana kwamba kijana mcha Mungu ni yule asiyecheka. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.). Siku ya Idi aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume (S.A.W.) akasimama naye akimsitiri mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Aliposimulia habari hiyo, Bibi Aisha (R.A.) aliwataka watu wakadirie hamu ya binti mdogo anayependa kutazama michezo. Hayo ni maneno ya mwanachuoni mkubwa, aliyekumbuka kwamba naye alikuwa kijana.

Nanyi vijana, hesabuni mlivyopewa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi la Oktoba, harufu yake haiuzwi dukani. Zikikolea mvua, uyoga huota msituni, nanyi huenda kwa makundi na kurudi na vikapu. Embe zikiiva, mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri hula chini ya mti mmoja, na wengi husimulia kwamba miembe hii ililetwa na watu wa misafara. Wapo wanaokula matobolwa kwa karanga jioni wakasahau kwamba siku ilikuwa ndefu. Upo mpira wa jioni, ambao hatuna neno nao maadamu adhana ya Magharibi inawakuta mmeshauacha. Na ipo asali ya miombo. Allah (S.W.) ameiita sura nzima kwa jina la nyuki na akatujulisha kwamba katika kinywaji chao mna ponyo. Kijana mwenye mizinga michache ana furaha na ana riziki pia, wala hahitaji kukata kuni za bani. Hapo mjini Tabora kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, na msitu unaotuzunguka, ukiwemo ule wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ipole, unafaa zaidi ukiwa umesimama.

Ipo pia furaha tunayoishuhudia darasani. Mwanafunzi huhangaika na herufi ya dhad siku nyingi, wenzake humcheka, machozi humlengalenga. Siku moja herufi hutoka mahali pake, naye mwenyewe husikia kwamba imetoka. Uso wake siku ile haulinganishwi na uso wa aliyeshinda kamari. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayesoma Qur'an kwa taabu na kujikokota ana ujira mara mbili. Basi hata ile kero ya ulimi mzito imeandikiwa malipo.

Nasaha kwa pande mbili

Kwa wazee wetu tunausia mambo matatu. La kwanza, kabla ya vitalu vya msimu ujao, kaa na mwanao, mtajie fungu lake kwa kauli iliyo wazi: robota moja, au kipande cha shamba kiwe chake, au ada ya chuo. Mavuno yakiwa mabaya mwoneshe hesabu ya deni kama unavyomwonesha mtu mzima, na fedha zikipatikana usicheleweshe haki ya aliyetoka jasho. La pili, gawa kazi za nyumbani kwa uadilifu, kwani ndoo haina jinsia. La tatu, uliza kero ya mwanao kabla ya kumuuliza kosa lake.

Kwa vijana wetu nako tunausia mambo matatu. La kwanza, semeni. Adabu haikukuzuia kusema. Imekufundisha namna ya kusema. Mwendee baba baada ya sala, wakati ametulia, useme: "Baba, naomba tuzungumze juu ya kazi ya msimu huu." Ukiona vigumu, mtume mjomba au mwalimu wako. La pili, subirini katika yasiyo na dawa. Mtume (S.A.W.) ametujulisha kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu humfutia makosa. Simu isiyoshika mtandao, ndugu anayekukejeli, mvua inayokukuta njiani, yote hayo ni miiba, nawe usiutupe ujira wake kwa matusi. La tatu, msiidharau furaha ya halali kwa kuwa ni ndogo. Afya na wasaa ni neema mbili ambazo Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba watu wengi wamepunjika ndani yake, na kijana wa Ipole anazo zote mbili hata kama mfuko wake ni mtupu.

Wapagazi wa zamani hawakufika pwani kwa siku moja. Walitembea saa chache za asubuhi, wakatua mizigo, wakapika, wakacheka, wakalala, kesho wakaitika tena wito wa kirangozi wao. Maisha ya kijana ndivyo yalivyo. Mzigo wake ukifungwa kwa haki na kituo chake kikiwa na kivuli, atafika inshaallah. Ukimzidishia mzigo na ukamnyima kivuli, usishangae asubuhi ukaukuta mzigo chini na mwenyewe hayupo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaongoze vijana wetu, awalainishe wazee wetu, atubarikie katika mvua zetu, mashamba yetu na mizinga yetu, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo mdogo husikilizwa na mkubwa huheshimiwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.