Marejesho ya Mkopo wa Nyumba kwa Anayelipwa kwa Kutwa: Uzoefu wa Mitaa ya Mabanda, Nairobi



Nimeombwa nianze na maana ya nyumba nafuu. Sitakaa hapo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya makazi bora, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeweka tozo ya asilimia 1.5, mwajiri naye akichangia kiasi hichohicho kwa mfanyakazi wake. Hayo mnayajua. Mashirika yasiyo ya faida yaliyoanza kazi hii zamani mnayajua pia: Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa 1996 katika kupinga ubomoaji, na mfuko wake wa Akiba Mashinani.

Ninachotaka tukijadili ni marejesho.

Tuanze na mfano wa mtaa wa Kambi Moto, Huruma, ambako ujenzi wa nyumba ulianza 2003 baada ya wakazi kuelewana na Baraza la Jiji. Nyumba ilisimama juu ya msingi wa takriban mita 4.5 kwa 4.5, ikapanda juu badala ya kutanuka. Wakazi wenyewe, wanawake wakiwemo, walitengeneza laadi, yaani vipande vidogo vya zege, palepale mtaani, kisha wakavipanga juu ya boriti za zege. Gharama ya mbao za kushikilia sakafu ya juu ikapungua sana. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba nyumba ya namna hiyo hujengwa kwa awamu. Familia inahamia chumba cha chini, na cha juu kinangoja pesa zipatikane. Deni linabaki dogo.

Sasa tazameni mikopo tunayoletewa. Inataka nyumba ikamilike kwa mkupuo mmoja na ilipwe kwa mwezi. Mama mboga hapokei pesa kwa mwezi. Leo anaweka shilingi 100, kesho 50, keshokutwa mvua inanyesha na hauzi kitu. Kwenye kitabu cha akiba cha kikundi huyu ni mwanachama mwaminifu. Kwenye daftari la mkopeshaji, tarehe 5 ikipita, ni mdaiwa sugu, na faini inaanza kupanda juu ya deni. Jambo hili tumelieleza miaka nenda miaka rudi, na jibu ni lilelile: linafanyiwa tathmini. Naheshimu taratibu za taasisi, lakini familia zinapoteza nyumba wakati tathmini ikiendelea.

Kuna udhaifu mwingine ambao sisi wa mashirika hatuusemi vya kutosha. Dhamana ya kikundi, yaani wanachama kudhaminiana, hufaa mwanachama mmoja anapougua au kufiwa: wenzake humbeba. Lakini Machi 2020, amri ya kutotoka nje usiku ilipotangazwa kwa sababu ya korona, mdhamini na mdhaminiwa walikosa kibarua wiki ileile. Hakukuwa na wa kumbeba mwenzake. Hali ngumu ya uchumi haimchagui mmoja, kwa hiyo dhamana ya majirani peke yake haitoshi. Pasipo akiba ya dharura kutoka nje ya kikundi, kikundi chote kinaanguka pamoja.

Napendekeza, basi, marejesho yapokelewe kwa siku au kwa wiki, kwa kiasi kinachoweza kubadilika. Mkopo utolewe kwa awamu, chumba baada ya chumba. Mkataba utaje tangu mwanzo kipindi cha kusitisha malipo bila faini msukosuko unapowakumba watu wote, ili mkopaji asilazimike kuomba huruma. Sehemu ya fedha za tozo itengwe kuwa akiba ya dharura ya vikundi hivi. Kaunti iidhinishe chumba cha chini kilichokamilika kukaliwa, hata kama cha juu hakijaanza. Maafisa mikopo wafundishwe kusoma kitabu cha akiba kama ushahidi wa uwezo wa kulipa. Mashirika yetu yaache kusifia dhamana ya kikundi kana kwamba ni kinga ya kila balaa. Na narudia lile la faini: iondolewe kabisa kwa anayelipa kidogo kidogo bila kukoma.

Rasimu ya mkataba wenye vipengele hivi ninayo hapa. Nawaomba wenzetu wa benki na wa kaunti wenye mamlaka ya kuamua wabaki alasiri hii tuipitie pamoja, kipengele kwa kipengele, na kila mmoja aseme lipi analikubali na lini litaanza kutekelezwa.