Mgombea Huru ni Nani?

Leo tunamzungumzia mgombea huru.

Kwa miaka mingi kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010, hapakuwa na njia ya kuwania kiti cha bunge bila kupendekezwa na chama. Kifungu cha 85 cha Katiba hiyo kilifungua mlango. Anayetaka kuwania kiti akiwa huru asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa kilichosajiliwa, wala asiwe amekuwa mwanachama katika miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Pia lazima aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa: angalau 500 wa wadi kwa kiti cha bunge la kaunti, 1,000 wa eneo bunge kwa kiti cha mbunge, na 2,000 wa kaunti kwa kiti cha seneta.

Kuwa huru hakumaanishi kukosa msimamo. Mgombea huru anaweza kuwa na imani kali kuhusu maji, ardhi au ushuru. Asichokuwa nacho ni chama. Na akishachaguliwa mbunge kisha ajiunge na chama, anapoteza kiti chake.

Ndugu mpiga kura, uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Usimkatae mtu kwa kukosa chama, wala usimchague kwa sababu hiyo peke yake. Muulize atafanya nini, kwa fedha zipi, na atashirikiana na nani. Kisha piga kura yako.